Mwalimu wa Watoto Kati ya Babu na Mjukuu

Ndugu msomaji, ukiondoka Korogwe asubuhi na kuielekea milima ya Usambara, utayaacha nyuma mashamba ya mkonge yaliyonyooka kama mistari ya daftari, na gari litaanza kupanda taratibu. Joto la bondeni litakuaga. Mara utaiona chai ya Dindira na Ambangulu imetanda juu ya vilima, na ukungu ukiwa bado haujaamua kuondoka. Huko juu ndiko Bungu: migomba, mahindi, miteremko mikali, na watu wanaosalimiana kutoka ng'ambo hii ya bonde hadi ng'ambo ile bila kuinua sauti sana.

Wengi wetu tunaofanya kazi Tanga, Morogoro na Dar es Salaam tuna mizizi yetu katika milima kama hiyo. Tunairudia wakati wa Krismasi, au tunapokwenda kuzika. Na wengi tumewaacha watoto wetu huko, kwa bibi na babu, tukitumaini kwamba watalelewa katika maadili mema kuliko mitaa yetu ya mjini iwezavyo kuwalea. Ni nani hasa anayeifanya kazi hiyo tuliyoiacha?

Katika Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania iko sikukuu iitwayo Mikaeli na Watoto, inayoadhimishwa karibu na tarehe 29 Septemba. Siku hiyo watoto ndio wenye ibada. Wao husoma masomo, wao huongoza nyimbo, nao husimama mmoja mmoja kukariri mistari waliyoishika kwa moyo. Akina mama hufunika midomo kwa khanga wakicheka kwa furaha, pale mtoto wa miaka minne anaposahau katikati ya mstari na kugeuka kumtazama mwalimu wake. Baada ya ibada kila mtu humpongeza mtoto wake. Ni wachache wanaokumbuka kumpongeza yule aliyetazamwa.

Makala haya yanamhusu yeye. Nayo hayahusu Jumapili hiyo moja tu, yanahusu zile 51 nyingine.

Ngoma iliyofungiwa

Ninaye ndugu yangu, binti wa mama mdogo, afundishaye Shule ya Jumapili katika mtaa mmoja wa milima hiyo. Silitaji jina lake wala la mtaa wake, kwa kuwa jambo lililomfika laweza kutokea katika mtaa wowote. Ana umri wa miaka 24. Siku sita za juma hulima na kuuza mboga. Siku ya saba huamka kabla ya jua, hufagia chumba kilicho nyuma ya kanisa, hutandika mikeka, na kuwapokea watoto wapatao 40, wa miaka mitatu hadi 13, wote katika darasa moja. Mshahara hana. Chaki hununua mwenyewe.

Mwaka juzi aliwafundisha watoto wake wimbo mpya kwa ajili ya sikukuu. Mvulana mmoja alipiga ngoma ndogo, wasichana wawili walitikisa kayamba, na wengine walipiga hatua mbili kulia na mbili kushoto. Walifanya mazoezi kwa miezi miwili. Siku ya kuusikilizisha wimbo huo mbele ya wazee wa kanisa, ubeti wa pili haujaisha, mzee mmoja alisimama na kuinua mkono. Hakufoka. Alisema tu kwamba nyumba ya Mungu si uwanja wa ngoma, akaichukua ile ngoma na kuifungia katika chumba kinachowekwa vyombo vya ibada. Watoto waliketi kimya. Yule mvulana alibaki ameshika vijiti vyake viwili, asijue avipeleke wapi.

Jumapili iliyofuata walikuja watoto 17.

Kisha ikafika Desemba, na watoto wa mjini wakapanda mlima kuja likizo. Mmoja wao, mwenye miaka 11, aliyezoea kanisa lenye kinanda cha umeme na vipaza sauti, alimwambia mwalimu mbele ya wenzake kwamba darasa lake ni la kizamani. Hivyo, katika muda wa miezi michache, binti huyu aliambiwa na mzee kwamba amezidi usasa, akaambiwa na mtoto kwamba amezidi ukale.

Aliandika barua ya kuomba kupumzishwa. Alinisomea barua hiyo kwa simu kabla ya kuipeleka kwa mchungaji. Alipomaliza alisema, "Kaka, mimi ni kama punje kati ya mawe mawili ya kusagia. Nimechoka."

Nilimwomba aiweke kwanza barua hiyo mpaka nitakapofika. Nilipanda basi kwenda kwetu Jumamosi iliyofuata.

Desturi ya nani?

Njiani nilikuwa na saa nyingi za kufikiri. Kabla ya kuamua ni nani mwenye haki katika ugomvi wa namna hii, hapana budi tujiulize: hiyo desturi inayolindwa ilitoka wapi?

Wamisheni wa Kilutheri kutoka Ujerumani walifika Mlalo mwaka 1891, na Vuga mwaka 1895. Vituo vingine vilifuata, Bumbuli na Bungu vikiwamo. Waliikuta nchi yenye watawala wake, Wakilindi, na wazee wenye matambiko yao. Kama ilivyokuwa katika misheni nyingi za Afrika Mashariki, walioingia kwanza darasani kujifunza kusoma walikuwa zaidi vijana na watoto. Wazee wengi walikaa mbali, wakitazama kwa mashaka. Na huko Lutindi, jirani ya Bungu, katika miaka ya 1890 ilijengwa nyumba ya kuwatunza watoto waliokombolewa utumwani, watoto wasio na baba wala babu wa kuwasemea. Baadaye nyumba hiyo ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili, nayo ingali ikiwahudumia wagonjwa hadi leo. Kwa hiyo mtu akisema kwamba watoto ni wageni katika kanisa la milima hii, amesahau kwamba watoto walikuwamo miongoni mwa waliotangulia kuingia.

Tazama pia lugha. Agano Jipya la Kishambaa lilichapishwa mwaka 1908. Mmisheni Karl Roehl, aliyefanya kazi Usambara, alikuja kutafsiri Biblia nzima kwa Kiswahili, nayo ikatoka mwaka 1937. Leo mtoto wa milimani husali kwa Kiswahili, na bibi yake, shida inapomzidi, hurudi kwenye Kishambaa. Bibi akiiona sala ya mjukuu wake kuwa kavu, na mjukuu akiiona sala ya bibi kuwa fumbo, kila mmoja anatetea lugha iliyokuwa mpya wakati fulani katika kanisa hilo hilo.

Au chukua tarumbeta. Mtu aliyekulia katika sharika za Lushoto hawezi kuiwazia Krismasi bila sauti ya shaba ikitoka kanisani na kujibiwa na milima. Ni sauti ya baba zetu, husema wazee. Lakini ilitoka Ujerumani, kwa watu wa Misheni ya Betheli. Betheli yenyewe, karibu na mji wa Bielefeld, ilikuwa na sifa kubwa ya vikundi vya tarumbeta vya kanisa. Ngoma ilikuwa hapa Usambara kabla ya tarumbeta ya kwanza kupandishwa mlimani. Ndiyo maana si rahisi kusema ni ipi kati ya hizo mbili iliyo ya mababu.

Na hata kabla ya makanisa, nchi hii ilikwisha kupata somo juu ya mtoto na wazee. Katika kitabu cha Habari za Wakilindi, Abdallah bin Hemedi anasimulia kwamba Mbegha, aliyekuja kutawala Vuga, alizaliwa huko Ngulu akawa kigego: meno yake ya juu yalitangulia kuota. Kwa desturi ya wakati huo mtoto wa namna hiyo hakustahili kuishi. Wazazi wake wakamficha. Aliyehukumiwa na desturi ya wakubwa ndiye aliyekua akawa mwindaji hodari, akawaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba ya Washambaa, na watu wakamfanya mtawala wao.

Walivyoanza wengine

Mambo haya si ya Usambara peke yake. Shule ya Jumapili yenyewe, ambayo leo kila mzee wa kanisa huiona kuwa kitu cha heshima, ilianza kwa kulaumiwa. Mwaka 1780 katika mji wa Gloucester, Uingereza, mchapishaji wa gazeti aitwaye Robert Raikes alianza kuwakusanya watoto wa maskini waliofanya kazi siku sita za juma, wakabaki na Jumapili peke yake ya kupumua. Waliajiriwa akina mama kuwafundisha kusoma na kuishika dini. Baadhi ya watu wa kanisa walisema kwamba kufundisha kusoma siku ya Jumapili ni kuivunja Sabato. Wengine walihofu kwamba mtoto wa mfanyakazi akijua kusoma atakuwa mkaidi. Lawama hizo leo hazikumbukwi, na shule imebaki.

Hata Katekisimo Ndogo, kile kitabu ambacho wazee wetu Walutheri humpima nacho kila mtoto wa kipaimara, Martin Luther alikiandika mwaka 1529 kwa sababu ya watoto na watu wa nyumbani. Alikuwa amezitembelea sharika akakuta watu wazima, na hata baadhi ya wachungaji, hawajui misingi ya imani yao. Akaandika maswali mafupi na majibu mafupi, ili baba mwenye nyumba awafundishe walio chini ya dari yake. Basi hata katekisimo ilianza kama kitabu kipya chenye njia mpya, kilichotungwa kwa lugha ambayo mtoto angeielewa.

Tunaweza kuongeza mfano wa karibu zaidi. Kanisa hili liliundwa mwaka 1963 kwa kuungana kwa makanisa saba ya Kilutheri, na wakati huo mwanamke hakuwa mchungaji. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 baadhi ya dayosisi zilianza kuwabariki wanawake kwa kazi hiyo, baada ya miaka mingi ya mabishano. Mtoto aliyezaliwa baada ya hapo, akamwona mama akihubiri tangu alipokuwa mgongoni mwa mama yake, haoni ajabu yoyote.

Hofu ya mzee

Lakini tusimwonee mzee. Kosa kubwa la sisi watu wa mjini ni kudhani kwamba anayekataa jambo jipya hana sababu ila ukaidi wa uzee. Siku ya pili baada ya kufika, mimi na ndugu yangu tulichukua kilo mbili za sukari, tukaenda kumwamkia yule mzee nyumbani kwake. Tulimkuta uani akipukuchua mahindi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, wajukuu zangu. Karibuni, kaeni. Najua mmeifuata ngoma."

"Hatukuifuata ngoma, babu," ndugu yangu alijibu. "Nimekuja kukuuliza, wewe ulijifunzaje ulipokuwa mtoto?"

Mzee alinyamaza. Aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likawa tupu mkononi mwake. Kisha akaanza kusimulia. Alisema baba yake hakuwa amebatizwa. Yeye mwenyewe, akiwa na umri wa miaka kama 12, alivutwa na sauti ya tarumbeta, akawa anatoroka kuchunga mbuzi ili aende kujifunza. Siku alipokabidhiwa tarumbeta aje nayo nyumbani, baba yake alimwambia kwamba hiyo ni shaba ya askari, haiingii katika nyumba ya mtu mwenye akili zake. Akainyang'anya, akaificha darini juu ya jiko. Ilikaa huko masika nzima.

"Nani aliyeirudisha, babu?"

"Mama. Aliiteremsha usiku. Ilikuwa imejaa masizi mpaka ndani." Mzee alicheka, akajifuta macho kwa mgongo wa mkono. Kisha uso wake ukabadilika. "Sasa nisikilize wewe, binti. Mimi nilibatiza watoto wanne katika kanisa lile. Wote waliimba kwaya. Wawili wako mjini, na siku hizi hawasali popote. Nyimbo zote walizijua. Wimbo ulibaki, neno halikubaki. Ndiyo sababu nikiisikia ngoma yako naogopa."

Nilitazama chini. Mimi nami ni mtoto wa mtu, nami naishi mjini.

Ndugu yangu alichelewa kujibu. Aliporudisha sauti yake alisema, "Hilo neno, babu, mimi peke yangu siliwezi. Nina watoto 40 na saa moja. Njoo unisaidie."

Mzee hakujibu siku ile. Alituaga kwa mkungu wa ndizi.

Alivyokuja darasani

Ningependa kuwaambia wasomaji kwamba mambo yote yalitengemaa. Hayakutengemaa yote. Jumapili ya tatu mzee alikuja, akaketi juu ya benchi nyuma ya watoto, na tarumbeta yake imefungwa katika kitambaa. Mwalimu alimwomba awasimulie watoto habari ya darini. Walimsikiliza kuliko walivyowahi kumsikiliza mtu. Mmoja aliuliza kama baba yake alimpiga. Mzee akasema ndiyo, alimpiga. Mwingine akauliza kama baadaye baba yake alibatizwa. Mzee akasema hapana, lakini alipokuwa mgonjwa sana alimwomba mwanawe ampigie ile shaba ya askari mlangoni.

Ngoma ilitoka chumbani mwezi uliofuata, na mzee mwenyewe ndiye aliyeibeba. Hata hivyo alitoa sharti. Kila wimbo mpya wa watoto uende pamoja na wimbo mmoja wa kitabuni, ulioshikwa kwa moyo beti zote, tena mwalimu awaulize watoto maana yake. Na zile hatua mbili kulia na mbili kushoto hakuzikubali ndani ya kanisa hata leo. Watoto huzicheza nje, wakati wa mnada wa mavuno, na imesemekana kwamba siku hizo mkungu wa ndizi hupanda bei. Mwalimu hakulipenda sharti hilo. Amelikubali.

Watoto sasa ni 35. Watano hawajarudi, yule mvulana wa vijiti akiwa mmoja wao. Ndugu yangu hupita kwao kila juma akiwa njiani kwenda sokoni, humwamkia mama, na kumwachia mvulana salamu. Barua yake ya kuomba kupumzishwa imo ndani ya daftari la mahudhurio, haijapelekwa.

Neno kwa walimu

Kwanza, mwalimu ajue kwamba hafanyi kazi ya pembeni. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania zaidi ya milioni 61, na zaidi ya wanne katika kila kumi wao hawajafikia umri wa miaka 15. Anayeketi na watoto chini ya mti ameketi na karibu nusu ya taifa. Mikeka mitatu na kipande cha chaki visimdanganye akajiona mdogo.

Pili, asikubali kuwa mwamuzi wa mashindano kati ya wazee na watoto. Katika Biblia iko habari ambayo kila mwalimu wa Shule ya Jumapili huifundisha, nayo ni ya mtoto Samweli na mzee Eli. Mtoto aliisikia sauti usiku, lakini hakuijua ni ya nani. Alimwendea mzee mara tatu. Mzee hakuisikia sauti hiyo, macho yake yamefifia na nyumba yake ina aibu zake, lakini yeye ndiye aliyetambua ni nani anayeita, akamwelekeza mtoto namna ya kuitika. Mmoja alikuwa na masikio, mwingine alikuwa na ujuzi. Kama Eli angemfukuza mtoto kwa kumsumbua usingizi, au kama Samweli angemdharau mzee kwa upofu wake, sauti hiyo ingepita bure. Kazi ya mwalimu ni kuufungua mlango uliopo kati ya vyumba hivyo viwili.

Jambo hilo lina njia zake nyepesi. Mwalimu kijana atafute mwenzake wa makamo wa kufundisha naye, hata kama ni mara moja kwa mwezi. Amwombe mzee simulizi kabla ya kumwomba ruhusa, maana mtu aliyekwisha kukumbuka utoto wake huwa mwepesi wa kuruhusu. Watoto wapewe kazi ya kwenda nyumbani kumuuliza bibi wimbo wa kwanza aliojifunza, au sala aliyofundishwa na mama yake, kwa lugha yoyote, kisha waje waisimulie. Na anapotaka kuleta jambo jipya, awaoneshe wazee mapema, wakati bado laweza kurekebishwa. Ndugu yangu mwenyewe anakiri kwamba miezi miwili ya mazoezi bila neno kwa wazee lilikuwa kosa lake.

Tatu, atenganishe kisichobadilika na kinachobadilika. Chombo cha kuimbia, lugha, benchi au mkeka, vyote hivyo vimebadilika mara nyingi katika milima hii na vitabadilika tena. Lile neno ambalo mzee alililia uani kwake ndilo lisilobadilika, na juu ya hilo mzee alikuwa na haki. Wimbo wenye furaha usio na maana nyuma yake ni ganda. Mwalimu asione haya kujifunza hilo kwa mtu aliyemfungia ngoma.

Neno kwa wazee na kwa wazazi

Ninyi wazee wetu, penye wazee haliharibiki neno, lakini neno huharibika wazee wakilisema mbele ya watoto kwa namna ya kumwaibisha mwalimu wao. Mkionya, mwiteni pembeni. Na baraza linapopanga matumizi ya mwaka, litenge fungu la watoto: chaki, karatasi, vitabu vya hadithi, na taa kama darasa ni la giza. Mtaa unaonunua vipaza sauti na kumwachia mwalimu anunue chaki kwa fedha ya mboga haujajua mizani yake.

Nasi wazazi wa mjini tuna sehemu yetu. Tunawapeleka watoto kwa bibi na simu iliyojaa nyimbo, kisha tunashangaa wanapomwona mwalimu wa kijijini kuwa wa kizamani. Yafaa tuwaambie kabla ya safari kwamba yule atakayewafundisha huko ameamka kabla ya jua kwa ajili yao. Tukifika likizo, tuketi nao darasani hata Jumapili moja. Tusimfanye mwalimu kuwa yaya wa kutuondolea kelele ibada ikiendelea. Tena tukumbuke kwamba saa moja ya Jumapili haiwezi kuzishinda saa nyingine zote za juma. Timotheo wa Biblia aliipata imani kwanza kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike, nyumbani. Mwalimu hujenga juu ya msingi uliowekwa jikoni, na palipokosekana msingi huo hujenga juu ya mchanga, halafu sisi humlaumu nyumba ikianguka.

Jirani zetu Waislamu watalifahamu jambo hili bila kuelezwa. Mwalimu wa madrasa naye amekaa kati ya babu anayetaka mtoto afundishwe kama alivyofundishwa yeye, na mtoto aliyekwisha kusikia visomo vya nchi nyingi katika simu ya baba yake. Katika vijiji vya Usambara walimu hawa wawili huishi jirani, na mara nyingi hununua chaki katika duka moja.

Ndugu msomaji, Septemba itafika tena. Watoto watavaa nguo zilizofuliwa usiku, nywele zimechanwa na miguu imepakwa mafuta. Mmoja wao atasimama mbele, ataanza mstari wake vizuri, na katikati atasahau. Atageuza kichwa kumtafuta mtu mmoja tu katika umati ule wote. Ukiwapo siku hiyo, fuata macho ya mtoto, umwone huyo anayemtafuta. Ibada ikiisha, kabla hujaondoka, mwendee umpe mkono.